Jinsi ya kuwasilisha malalamiko ya unyanyasaji wa kingono kazini nchini India

Mabinti wengi wa Kitanzania na Kikenya wanasoma India, na sehemu ya masomo yao huwapeleka hospitalini, maabara na kwenye kampuni kwa mafunzo ya vitendo. Ninawaandikia hao kwanza, pamoja na wazazi wao, kwa sababu ugenini mtu akidhulumiwa hudhani sheria ya pale ni ya wenyeji tu. Sheria ya India ya mwaka 2013 inayojulikana kama POSH inamlinda mwanamke wa umri wowote, awe ameajiriwa au la, na haimtaki awe raia. Kibarua, anayejitolea, aliye kwenye majaribio, mwanafunzi wa vitendo na mfanyakazi wa nyumbani, wote wamo.

Sheria hii ilipatikana kwa machungu. Mwaka 1992 Bhanwari Devi, mhamasishaji wa maendeleo vijijini Rajasthan, alibakwa na kundi la wanaume baada ya kujaribu kuzuia ndoa ya mtoto mchanga. Asasi za wanawake zilipeleka suala la usalama wa wanawake kazini Mahakama ya Juu, na tarehe 13 Agosti 1997 ikatoka hukumu ya Vishaka iliyomtaka kila mwajiri awe na kamati ya kusikiliza malalamiko ya namna hii. Bunge lilichukua miaka 16 kuigeuza kuwa sheria.

Usisubiri uguswe mwilini ndipo ulalamike. Tangu hukumu ya mwaka 1999 katika kesi ya A.K. Chopra, Mahakama ya Juu imeshasema kwamba kugusana si sharti. Rushwa ya ngono, maneno machafu, picha unazotumiwa, na vitisho kuhusu kazi yako baada ya kukataa vinatosha. Mahali pa kazi ni pamoja na gari la kampuni na safari uliyotumwa.

Tarehe ndiyo ya kwanza

Una miezi 3 tangu tukio lilipotokea. Kama yalikuwa matukio mengi, hesabu inaanza kwenye la mwisho. Kamati inaweza kukuongezea miezi 3 mingine, ila lazima iandike sababu na iridhike kwamba kweli kuna jambo lililokuzuia. Hapo ndipo haki za wengi hupotelea. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kufufua malalamiko ya mhadhiri aliyeyapeleka Desemba 2023, wakati tukio la mwisho lilikuwa Aprili mwaka huohuo. Hatua za kiutawala alizochukuliwa baadaye hazikuhesabiwa kuwa mwendelezo wa unyanyasaji. Kwa hiyo usimngoje mkubwa fulani aliyekuahidi kwamba atalimaliza kimyakimya. Andika tarehe usiku uleule.

Kamati ipi?

Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi lazima awe na kamati ya ndani, ambayo maofisini huitwa IC au ICC. Mwenyekiti wake ni mwanamke wa cheo cha juu, angalau nusu ya wajumbe ni wanawake, na mmoja hutoka nje ya ofisi, kwa kawaida kwenye asasi inayotetea wanawake. Vyuo navyo vina kamati zao. Kama wafanyakazi hawafiki 10, au unayemlalamikia ni mwajiri mwenyewe, nenda kwenye kamati ya wilaya. Na kama aliyekutendea anatoka ofisi nyingine, Desemba 2025 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kamati ya ofisi yako wewe inaweza kumsikiliza. Huna haja ya kumfuata kwake.

Njia nyingine ni tovuti ya SHe-Box ya Wizara ya Maendeleo ya Wanawake na Watoto, iliyozinduliwa upya Agosti 2024. Malalamiko yakiingizwa humo hupelekwa kwenye kamati husika.

Kuandika

Malalamiko yawe ya maandishi, nakala 6, yakiambatana na vielelezo na majina na anwani za mashahidi. Kama kuandika kunakushinda, kamati inawajibika kukusaidia. Eleza kwa mpangilio: siku, saa, mahali, alisema nini, alifanya nini, wewe ulijibu nini, nani alikuwa karibu. Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka, hata kama yanakutia aibu, maana aibu hiyo si yako. Epuka kumtukana. Matendo yake yanatosha kumweleza.

Hifadhi ujumbe wa WhatsApp, barua pepe na cheti cha daktari kama ulikwenda. Ujumbe uliomtumia dada yako kwa Kiswahili jioni ile una uzito pia, kwa sababu unaonyesha ulisema mapema. Usiufute, ambatanisha na tafsiri ya Kiingereza. Ukikabidhi, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa.

Siku hiyohiyo omba kwa maandishi hatua za muda: uhamishwe wewe au yeye, upewe likizo ya hadi miezi 3 isiyokatwa kwenye likizo yako ya kawaida, na azuiwe kutathmini kazi yako. Kwa mwanafunzi hili la mwisho ni kubwa sana, kwani mara nyingi mnyanyasaji ndiye anayeshika alama.

Baada ya hapo

Mlalamikiwa hupelekewa nakala ndani ya siku 7 za kazi, naye ana siku 10 za kazi kujibu. Kabla ya uchunguzi kuanza unaweza kuomba suluhu, lakini sheria inakataza suluhu ya kulipana fedha, na hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha uikubali. Uchunguzi wenyewe umewekewa siku 90. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha upande wowote mbele ya kamati, na vikao vinahitaji wajumbe wasiopungua 3, mwenyekiti akiwemo. Usikose vikao: ukikosa 3 mfululizo bila sababu ya kutosha, kamati inaweza kufunga shauri, ikishakupa notisi ya siku 15.

Wengi huogopa kugeuziwa kibao. Adhabu ya malalamiko ya uongo ipo, lakini kushindwa kuthibitisha hakumaanishi umesema uongo. Sheria inalitamka hilo waziwazi. Majina yenu na mwenendo wa shauri ni siri.

Ripoti hutolewa ndani ya siku 10 baada ya uchunguzi kumalizika, na una haki ya kuipata. Mwajiri ana siku 60 za kutekeleza mapendekezo, yakiwemo fidia inayoweza kukatwa kwenye mshahara wa mkosaji. Usiporidhika, rufaa ikatwe ndani ya siku 90.

Polisi ni njia tofauti, na kwenda kamatini hakuifungi. Unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 75 cha sheria mpya ya makosa ya jinai iliyoanza kutumika 1 Julai 2024, na ukichagua kwenda huko, POSH inamtaka mwajiri akusaidie kufungua shauri hilo.