Kupima Ugonjwa wa Viazi kwa Simu Kabla ya Kupuliza Dawa

Kazi ya kutambua ugonjwa shambani, iliyokuwa ya bwana shamba, inahamia kwenye simu. Kwa mkulima wa viazi mviringo wa Umalila au Uporoto, huko nyanda za juu za Mbeya, hiyo ni nafuu kubwa. Ila akili mnemba iliyo ndani ya programu ya simu inaona picha tu. Haijui mvua ilinyesha lini wala barafu ilianguka usiku gani. Hayo unayajua wewe.

Pakua programu ungali mjini penye mtandao. PlantVillage Nuru ya Chuo Kikuu cha Penn State, kwa mfano, hutambua bila bando ukishaipakua. Ingia shambani asubuhi umande ungalipo, ufute kioo cha kamera, kwa sababu mikono yenye udongo ndiyo huharibu picha nyingi. Chukua mashina 6 ya sehemu mbalimbali, si ya tuta moja. Jani moja lijaze picha, kivuli chako kisiliangukie.

Programu ikijibu bakajani chelewa (ugonjwa unaoozesha majani, kwa Kiingereza late blight), geuza jani. Doa la kweli ni la kahawia iliyokolea, limelowa, na upande wa chini pembezoni mwake kuna utando mweupe. Jua likipanda utando hupotea, ndiyo maana tunasema uwahi. Miduara ndani ya miduara kwenye majani ya chini yaliyozeeka ni bakajani wahi (early blight), ugonjwa mwingine. Na Juni au Julai, bonde zima likiwa jeusi kwa usiku mmoja, hiyo ni barafu. Usitupe hela ya dawa.

Mche ukinyauka ungali kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kupuliza. Ng'oa mche na viazi vyake, usitoe mbegu humo, msimu ujao panda mahindi au ngano.

Bakajani chelewa ikithibitika, kumbuka mankozebu, dawa ya ukungu, hukinga tu. Penye doa tayari huhitajika mchanganyiko wenye metalaksili, dawa inayoingia ndani ya mmea, lakini ukiurudia kila mara vimelea huizoea, kwa hiyo badilisha. Kipimo cha lebo kilinganishe na bomba lako la kupulizia: la lita 16 si la lita 20, na wengi hukosea hapo.

Simu ikipingana na jani, amini jani. Ukibaki na shaka, lipeleke TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya, kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye nailoni litaoza njiani.