Mvua Imenyesha Jana: Je, Njia Inapitika Leo?

Kila Ijumaa jioni huletewa swali lilelile: "Mvua imenyesha, kesho tunaenda na baiskeli ama hatuendi?" Siku hizi sijibu kabla ya kujua tunaelekea wapi. Mvua ya usiku mmoja inaweza kuifanya njia ya Menengai, karibu na Nakuru, iwe tamu kuliko ilivyokuwa wiki nzima. Mvua kama hiyo ikianguka uwanda wa Kano, nje ya Kisumu, baiskeli ipumzike siku tatu. Kwa hiyo tuanze chini, mawingu tutayafikia.

Hatua ya 1: Shika udongo

Chota udongo wa kujaa nusu ya kiganja, utie maji kidogo, uukande, kisha uusokote uwe kamba. Ukimomonyoka papo hapo, ni mchanga au majivu ya volkeno. Ukitoa kamba fupi inayokatika, ni tifutifu. Kamba ikiwa nyembamba na ukaweza kuikunja iwe pete, huo ni mfinyanzi, na hapo uanze kuwa na wasiwasi.

Menengai ni volkeno, na miteremko yake imejaa majivu na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Maji hupenya humo haraka. Adui yako pale ni kiangazi: Januari na Februari udongo huwa unga mtupu, gurudumu la mbele linazama kwenye kona na wewe unalala chini. Si bure jina la Nakuru huelezwa kuwa latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi. Mvua ya wastani huushikamanisha unga huo, na saa chache baadaye tairi linang'ata vizuri.

Kano ni kinyume kabisa. Kuna udongo mweusi wa pamba, ambao chembe zake hunywa maji zikavimba, na zikikauka husinyaa hadi ardhi ikapasuka nyufa. Mkavu ni mgumu kama sakafu, unapita kwa raha. Ukilowa, hunata kwenye tairi, huokota nyasi na majani, na kila mzunguko unaongeza tabaka, mpaka gurudumu linakwama kwenye fremu. Mwaka wangu wa kwanza nilijitia ujuaji huko. Mama mmoja aliyekuwa akichunga kando ya njia aliniambia, "Mwanangu, hapo hupiti, hata ng'ombe wamekataa." Nilimshukuru, nikaendelea. Dakika kumi baadaye nilirudi mbele yake nimeibeba baiskeli begani, nayo uzito umekuwa kama mara mbili. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega uko katikati. Manyunyu ya kwanza juu ya udongo mkavu ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hulowesha ngozi ya juu tu na kuifanya iteleze kama sabuni. Ukipata jua la siku moja baada ya mvua, hushika vizuri sana.

Hatua ya 2: Pima mvua, na saa iliyonyesha

Weka kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, kisha upime maji kwa rula. Kipimo changu mwenyewe: chini ya milimita 5, naenda popote. Zikizidi 20, mfinyanzi nauachia siku mbili au tatu, na Menengai naenda kesho yake.

Masika huwa Machi hadi Mei, lakini Nakuru usisahau Agosti, nayo huwa na mvua yake. Kisumu, tazama saa. Mchana nchi kavu hupata joto, upepo wa ziwani huingia na kukutana na ule wa mashariki, na radi huanza alasiri. Toka saa kumi na mbili asubuhi, saa sita uwe umerudi.

Hatua ya 3: Soma mlima

Ushauri wa Ulaya husema mteremko unaotazama kusini hukauka kwanza. Hapa karibu na ikweta ushauri huo hautusaidii. Kwetu asubuhi huwa na jua na alasiri mawingu, kwa hiyo upande wa mashariki ndio hukauka mapema. Chini ya miti ya msitu wa Kakamega jua halifiki sawasawa, na mizizi hubaki na utelezi hata vumbi likiwa linatimka barabarani. Ipite mizizi kwa kuikata moja kwa moja, bila kushika breki.

Kwenye makorongo sina mzaha. Kule hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu walikufa korongoni kwa mafuriko ya ghafla mwaka 2012 na tena 2019. Maji yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, na wewe juu yako mbingu ni safi. Ukiona wingu zito upande wa juu, usiteremke.

Hatua ya 4: Rekebisha upepo wa tairi

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, mimi huanza na psi 28 (kipimo cha shinikizo la upepo kinachosomwa kwenye geji ya pampu). Kwenye vumbi au mizizi hupunguza mbili au tatu. Kwenye mawe ya lava huongeza, maana yana makali na tyubu hubanwa dhidi ya rimu ikatoboka.

Hatua ya 5: Jaribu mita ishirini

Endesha kidogo, ushuke, utazame nyuma. Mfuo wa tairi ukizama kina cha ukucha wa kidole gumba, geuza. Mvua ijayo itaufuata mfuo huo na kuuchimba uwe mtaro, na njia hizi ni za watoto wa shule na punda wa maji kabla hazijawa zetu. Dimbwi nalo lipite katikati. Ukilizunguka, kesho njia ni pana mara mbili.

Hatua ya 6: Safisha kulingana na udongo

Matope ya Kano yaache yakauke, kisha yabandue kwa kijiti. Usipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari, maji yake ya nguvu huingia kwenye beringi. Vumbi la Menengai likichanganyika na oili huwa msasa unaokula cheni. Futa cheni kwanza kwa kitambaa kikavu, tia tone moja kwa kila pingili, zungusha pedali kinyumenyume, kisha ufute oili yote iliyobaki nje.