Namna ya Kusamehe Deni la Jirani Katika Miezi ya Njaa

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Dodoma, kuanzia Bahi hadi Kongwa na Mpwapwa, Januari hadi Machi ni miezi ambayo ghala limekwisha na shamba bado ni bichi. Mvua ya huku, ambayo kwa kawaida ni milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha katika msimu mmoja tu kati ya Desemba na Aprili, na mtama au uwele uliopandwa mwanzoni mwa msimu huo hauvunwi mpaka kwenye Mei au Juni. Katikati hapo watu hukopeshana: debe la nafaka la kurudishwa wakati wa mavuno, sukari na sabuni za kuandikwa kwenye daftari la duka, fedha za kumpeleka mtoto hospitali. Mvua ikikatika Februari, mkopo huo haulipiki, na Mkristo aliyekopesha hujikuta anamdai mtu ambaye kila Jumapili wanasema pamoja, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Maelezo yafuatayo ni kwa ajili ya huyo anayedai, ili akiamua kusamehe, deni lisameheke kweli na jirani asibaki ameinama.

Aanze kwa kusoma Mathayo 18:23–35, mfano wa Yesu wa mtumwa aliyesamehewa deni na bwana wake kisha akakataa kumsamehe mwenzake, na ausome akipiga hesabu. Mtumwa wa kwanza aliwiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja, kama tunavyoona katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima. Kwa hiyo deni lake lilikuwa kama siku milioni 60 za kazi, ambazo mtu anayefanya vibarua siku 300 kwa mwaka angezimaliza kwa miaka 200,000. Mwenzake aliwiwa dinari 100, yaani zaidi ya miezi mitatu ya kibarua. Mara nyingi wahubiri huliita deni hili la pili kuwa dogo, lakini familia inayoishi kwa kulima vibarua haiwezi kuiita miezi mitatu ya ujira kuwa kitu kidogo, na Yesu mwenyewe hakusema kwamba ni kidogo. Aliliweka tu mbele ya lile la kwanza. Tena tuangalie kwamba mtumwa yule wa kwanza hakuomba kusamehewa; aliomba muda, na akaahidi kulipa yote, ahadi ambayo asingeweza kuitimiza hata angeishi mara elfu. Bwana wake alimpa zaidi ya alichoomba.

Jambo hili lina matokeo katika namna ya kwenda kwa jirani. Anayekwenda akijiona mkarimu atazungumza kama mkarimu, na mwenye deni atatoka pale amefutiwa debe moja na kubebeshwa shukrani isiyokwisha, ambayo pengine ni nzito kuliko debe lenyewe. Anayekwenda akikumbuka kwamba yeye mwenyewe ameshafutiwa talanta zake huwa na maneno machache na sauti ya kawaida.

Kabla ya kwenda, ni lazima ajue deni analotaka kusamehe ni la nani. Nafaka iliyotoka katika ghala la nyumba ni ya mume na mke, na mmoja akiisamehe bila mwenzake kujua, msamaha huo utavunjika siku ya kwanza ambayo watoto watalala na uji mwepesi. Fedha za kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, si zake hata kidogo. Mwenyekiti au mweka hazina wa kikundi anaweza kulileta suala la mwanachama aliyeshindwa mbele ya kikao, na katiba ya kikundi mara nyingi ina fungu la mfuko wa jamii kwa ajili ya shida kama hizo, lakini kusamehe kwa mkono wake mwenyewe fedha ambazo wanawake thelathini wameziweka akiba ni wizi uliovikwa kanzu ya huruma. Vivyo hivyo kwa muuza duka anayeendesha biashara kwa bidhaa alizochukua kwa mkopo kwa mtu wa jumla pale mjini: ajue kwanza kwamba yeye ndiye atakayelipa kile alichosamehe. Deni halipotei hewani. Kuna mtu hulibeba, kama Paulo alivyomwandikia Filemoni kwa mkono wake kuhusu Onesimo, mtumwa wa Filemoni, kwamba kama anadaiwa kitu, yeye Paulo atalipa.

Halafu amtazame mwenye deni kwa haki. Aliyeshindwa na aliyekataa si watu wa namna moja. Shamba la aliyeshindwa huonekana, maana kila mtu kijijini amepita pembeni yake na kuyaona mabua yaliyokauka kabla ya kutoa suke. Aliyekataa huonekana pia: amenunua pikipiki baada ya kuuza zabibu zake, na ukimpigia simu haipokei. Zaburi 37:21, inayosema asiye haki hukopa wala halipi, haimfichi mtu huyo, wala Mkristo hana wajibu wa kujifanya haoni. Kwake njia ni ile ya Mathayo 18:15–17, kwanza wawili peke yao, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa, na wakati huo wote chuki ndiyo inayosamehewa huku mali ikiendelea kudaiwa. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaoogopa kudai, na uoga huo wakauita neema, kisha kwa miaka mingi wanamsema mtu yule kila wakikaa jikoni.

Yuko pia mtu wa tatu, ambaye hawezi leo lakini ataweza baada ya mavuno, au baada ya msimu wa pili wa zabibu, kwa kuwa Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huyu anahitaji muda, na apewe muda. Kinachoharibu hapa ni kuchanganya, kumwambia "usijali, tutaona" kwa sauti ambayo yeye anaielewa kuwa amesamehewa, na wewe unaielewa kuwa umemvumilia hadi Juni. Aelezwe wazi ni lipi kati ya hayo mawili. Na kama nyumba haina uwezo wa kubeba deni zima, hakuna ubaya kusamehe madebe manne kati ya sita, mradi yale mawili yatajwe kwa mwezi wake.

Kuhusu wakati, Kwaresima inafaa kuliko vipindi vingine. Huanza Februari au mwanzoni mwa Machi na kumalizikia Machi au Aprili, kwa hiyo hapa kwetu huangukia katika miezi ile ile ambayo vyungu vimekuwa vitupu. Nyumba inaweza kuamua kwamba kila Kwaresima italifungua daftari na kutafuta deni moja la kufuta. Torati iliamuru maachilio ya madeni kila mwaka wa saba katika Kumbukumbu la Torati 15, na katika mstari wa 9 ikamwonya mtu asije akakataa kumkopesha maskini kwa kuwa mwaka huo umekaribia. Moyo wa mkopeshaji haukuanza kupiga hesabu jana.

Siku ya kwenda, aende peke yake, au mume na mke pamoja ikiwa wote wanafahamiana na nyumba ile. Asiende na mzee wa kanisa, wala asimtume mtoto, wala asiseme nje ya kanisa baada ya ibada wakati watu wamesimama kusalimiana. Siku ya msiba haifai. Ujumbe wa simu haufai, isipokuwa mwenye deni yuko mbali, na hata hapo ni bora apigiwe ili aisikie sauti. Kumbukumbu la Torati 24:10–11 inamkataza mkopeshaji kuingia ndani ya nyumba ya mwenye deni kuchukua rehani. Inamwamuru asimame nje, na mwenye deni ndiye amtolee. Katazo hilo ni la anayekwenda kudai, lakini linamfaa hata anayekwenda kusamehe, kwa maana macho yanayozunguka ndani ya chumba yakihesabu magunia na kuangalia kama kuna redio mpya humfanya mwenye nyumba ajisikie anakaguliwa. Akikaribishwa kiti, akae pale pale uani.

Salamu zitangulie kama kawaida, habari za watoto na za mifugo, kisha maneno yawe mafupi: "Mama, ule mtama wa Januari tumeusamehe. Haudaiwi tena, na mzee nyumbani anajua. Ukivuna, vuna wako." Inatosha. Asieleze jinsi alivyoomba na kufunga kabla ya kufikia uamuzi, asitaje hali ya ghala lake, asifundishe kuhusu kupanda mbegu zinazokomaa mapema au kuhusu akiba. Mafundisho hayo yana siku yake. Akiombwa kuomba kabla ya kuondoka, aombe, na sala hiyo isilitaje deni.

Ikiwa kulikuwa na rehani, awe ameshaibeba mkononi. Siku hizi watu huweka rehani kadi ya benki ya mshahara au ya pensheni, kadi ya pikipiki, simu, hata hati ya kiwanja, kwa sababu wakopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kali, wamewazoeza hivyo. Kutoka 22:26–27 inaagiza vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kuchwa kwa kuwa ndilo atakalojifunika usiku, na Nehemia katika sura ya 5 aliwataka wakuu wa Yuda warudishe mashamba, mizabibu na nyumba siku ile ile, pamoja na riba waliyoitoza. Anayesema amesamehe huku kadi ya mwenzake iko kwenye kabati lake hajasamehe.

Daftari nalo lina sehemu yake. Mstari ule upigwe kalamu, iandikwe "umesamehewa" na tarehe, mbele ya mwenye deni kama ni deni la duka, ili hata kijana anayeuza duka jioni asije akamdai upya. Wakolosai 2:14 inamwonyesha Kristo akiifuta hati iliyoandikwa ya kutushtaki na kuigongomea msalabani, na sijui mahali pengine ambapo muuza duka anaweza kuwa karibu zaidi na mstari huo kuliko kwenye ukurasa wake wenye madoa ya mafuta ya taa. Deni likiwa kwenye simu, ule ujumbe wa kukumbushana ufutwe pia.

Wengine hukataa kusamehewa. Mtu mzima aliyelima maisha yake yote anaweza kusema, "Hapana, nitalipa tu," na hapo ni vyema kumjibu, "Sawa, lakini hudaiwi," kisha mazungumzo yahamie kwingine. Akija Juni na kikapu cha mtama, upokelewe kwa shukrani kama zawadi. Kumrudisha njiani na kikapu chake ni kumnyima heshima ile ile tuliyokusudia kuilinda. Mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili, aliambiwa na Elisha auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe wayatumie yaliyobaki. Maandiko yanaiheshimu furaha ya kulipa.

Sehemu ngumu huanza baada ya hapo, nayo ni kunyamaza. Deni lililosamehewa halitajwi kwenye kikao cha harusi wakati mchango wa mtu yule umekuwa mdogo. Halitolewi ushuhuda kanisani, hata bila kutaja jina, kwa kuwa kijijini jina hujulikana kabla mtoa ushuhuda hajakaa. Halidaiwi kwa mlango wa nyuma, kwa kumwomba mtoto wake aje kuchunga mbuzi au kwa kushangaa kwamba hakuonekana siku ya kupiga mtama. Ikitokea akaja kukopa tena mwaka unaofuata, mwenye nacho yuko huru kusema hana. Kwa maoni yangu, aliyeshindwa kulipa debe moja apewe kibaba bure kuliko kukopeshwa debe la pili, kwa kuwa Luka 6:35 inasema tukopeshe tusitumaini kupata malipo, na asiyeweza kukopesha kwa moyo huo ni afadhali atoe kidogo bila kuandika popote. Tumaini la Mkristo aliyesamehe liko kwa Mungu, na kwa hiyo mavuno ya jirani yakiwa mazuri mwaka huo anaweza kuyafurahia bila kuyapimia debe lake.

Limebaki jambo la msiba. Ni desturi yetu kwamba baada ya mazishi msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa naye, awaone wanafamilia. Aliyekuwa amesamehe wakati marehemu yu hai asimwendee mtu yeyote na asiseme kitu, hata kwa kusudi la kumsifu marehemu. Aliyekuwa bado anadai na sasa ameamua kusamehe amfuate msemaji huyo kabla ya kikao cha ukoo cha kuyamaliza mambo ya msiba, amweleze kiasi na kwamba kimekwisha, na amwombe amfahamishe mjane, kwa sababu mara nyingi mjane anajua kwamba lipo deni, ila hajui kama ataulizwa yeye.