Namna ya Kuadhimisha Miaka Mia Moja ya Kuzaliwa kwa Mchoraji wa Vitabu vya Watoto

Mchoraji wa vitabu vya watoto huingia katika maisha ya watu mapema kuliko msanii mwingine yeyote, kwa kuwa mtoto huijua picha kabla hajajua kusoma, na akishakuwa mtu mzima huutambua ukurasa aliouzoea hata kama jina la kitabu limemtoka. Ndiyo maana mwaka wa mia moja tangu kuzaliwa kwake unapokaribia, watu wa mahali alipoishi na kufanya kazi hutamani kumwenzi. Tatizo ni kwamba mara nyingi tamaa hiyo njema huishia katika hafla ya siku moja yenye hotuba na mabango, na kesho yake michoro yenyewe inabaki pale pale ilipokuwa, ndani ya makabati na masanduku ya watu, ikiendelea kuchakaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati ndogo ya maktaba, shule au kikundi cha sanaa, na msimamo wake ni kwamba mwaka huo utumike kwanza kuitafuta, kuitambua na kuihifadhi michoro, kisha sherehe ijengwe juu ya kazi hiyo.

Tarehe na muda

Hakikisheni tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuitangaza. Majalada ya vitabu, tanzia za magazetini na kumbukumbu za familia hutofautiana mara kwa mara, kwa hiyo tafuteni cheti cha kuzaliwa, daftari la shule au hati ya kusafiria. Anzeni maandalizi angalau miezi kumi na minane kabla, kwa sababu kuomba ruhusa na kuazima michoro huchukua muda mrefu kuliko kupanga viti na jukwaa.

Si lazima kila kitu kisubiri siku ya kuzaliwa. Tove Jansson, mchoraji na mwandishi wa Finland, alizaliwa Helsinki tarehe 9 Agosti 1914, lakini maonyesho makubwa ya kazi zake katika jumba la sanaa la Ateneum yalifunguliwa Machi 2014 na kuendelea hadi Septemba, na siku yenyewe ikaangukia katikati ya shughuli. Maonyesho hayo yanafaa kuigwa kwa jambo jingine pia: yalimwonyesha kama mchoraji wa turubai na wa katuni za kisiasa vilevile, si kama mchoraji wa watoto peke yake. Kama msanii wenu alichora mandhari, sura za watu au matangazo ya biashara, kazi hizo nazo zipewe nafasi, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazoeleza mkono wake ulikomaa vipi.

Kuitafuta michoro

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Michoro ya awali ya vitabu hutawanyika: mingine hubaki kwa mchapishaji, mingine hurudi kwa familia, mingine hutolewa zawadi kwa majirani, walimu na wafanyakazi wa kiwanda cha uchapishaji. Andikeni tangazo fupi linaloomba taarifa tu, na lieleze wazi kwamba hakuna anayetakiwa kutoa alichonacho. Mtu anayeogopa kunyang'anywa hafungui kabati.

Mnapoelezea mnachokitafuta, msitaje picha zilizokamilika peke yake. Tajeni pia rasimu za penseli, nakala za majaribio kutoka kiwandani, barua za mhariri, na kitabu cha mfano, yaani kile kijitabu kilichokunjwa na kushonwa kwa mkono ambamo mchoraji hupanga kurasa zote kabla ya kuanza kazi halisi. Na kuna aina moja ya kazi ambayo hutupwa kwa kutojua, nayo inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Katika miongo ya kati ya karne ya ishirini, kabla ya mashine za kutenganisha rangi kuwa za bei nafuu, wachoraji wengi wa vitabu vya watoto walilazimika kuzitenganisha rangi wenyewe. Mchoraji alichora mistari kwa wino mweusi kwenye karatasi moja, kisha akalaza juu yake plastiki angavu na kuchora humo, tena kwa rangi nyeusi, sehemu zote ambazo zingechapwa kwa njano. Akalaza nyingine kwa ajili ya nyekundu, na nyingine kwa ajili ya buluu. Pembezoni aliweka alama ndogo za msalaba ili mchapaji azipange tabaka zote sawasawa. Rangi kamili haikuwepo popote isipokuwa kichwani mwake, hadi siku kitabu kilipotoka mtamboni. Anayekuta leo plastiki yenye mabaka meusi yasiyo na umbo huiona takataka, kumbe ni theluthi ya anga la jioni. Mkizipata plastiki hizo zikiwa kamili, mmepata kitu kinachofundisha ufundi wa mchoraji huyo kuliko picha yoyote iliyowekwa kwenye fremu.

Kila kipande kiandikiwe taarifa yake: namba, vipimo, vifaa vilivyotumika, kitabu na ukurasa kinakotoka, mwenye nacho, na hali kilivyo siku hiyo, pamoja na picha ya mbele na ya nyuma. Nyuma ya mchoro mara nyingi kuna maagizo kwa mchapaji, tarehe au rasimu iliyoachwa, kwa hiyo msiisahau. Namba iandikwe kwa penseli laini kwenye pembe ya nyuma, kamwe si kwa kalamu ya wino. Shikeni michoro kwa mikono safi na mikavu, na mkikuta utepe wa gundi uliogeuka njano, uacheni hivyo hivyo, kwa kuwa kuubandua huondoka na rangi. Kazi hiyo ni ya mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi.

Michoro ipigwe skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na ile midogo kwa nukta 600, huku mafaili asilia yakihifadhiwa katika muundo wa TIFF, yaani aina ya faili la picha linalotunza ubora wote. Wekeni nakala mahali patatu, na mojawapo pawe nje ya jengo mnalofanyia kazi.

Kusikiliza waliomfahamu

Kazi hii isisubiri maonyesho, kwa sababu waliofanya kazi na mtu aliyezaliwa miaka mia iliyopita ni wazee sana leo. Anzeni na hao kabla ya mtu mwingine yeyote. Nendeni na vitabu na nakala za michoro, kwa maana swali la jumla kama vile "alikuwa mtu wa namna gani?" huzaa sifa za jumla, lakini ukimwekea mzee ukurasa mbele yake na kumuuliza mlango huu ulikuwa wa nyumba gani, au mtoto huyu aliyekaa ngazini alikuwa nani, mazungumzo huja yenyewe. Rekodini sauti, ombeni idhini ya maandishi inayoeleza rekodi itatumika wapi, na mpeni mhusika nakala yake.

Hakimiliki

Kamati nyingi hudhani kwamba mwenye mchoro ndiye mwenye haki ya kuuchapa. Sivyo. Kuumiliki mchoro wa asili ni jambo moja, na kumiliki hakimiliki yake ni jambo jingine kabisa. Jirani aliyepewa picha na msanii anaweza kuitundika, kuiuza au kuwaazima, lakini kwa kawaida hana uwezo wa kuwaruhusu kuitia kwenye kadi na fulana. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unazitaka nchi wanachama kuilinda kazi katika uhai wote wa msanii na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza muda huo hadi miaka 70. Fanyeni hesabu: aliyezaliwa miaka mia iliyopita na kufariki akiwa na umri wa miaka sitini amefariki miaka arobaini tu iliyopita. Ni vyema basi kuanza na dhana kwamba kazi zake bado zinalindwa, mpaka ithibitike vinginevyo.

Ruhusa inaweza kuwa kwa warithi, kwa mchapishaji, au kwa wote wawili, kutegemea mkataba uliosainiwa zamani zile. Na kama hadithi iliandikwa na mtu mwingine, maneno yana mwenyewe na picha zina mwenyewe. Kusoma hadithi mbele ya hadhira nako kunaweza kuhitaji ruhusa. Katika barua moja ya kuomba ruhusa, tajeni matumizi yote mnayokusudia: kijitabu, mabango, tovuti, usomaji, bidhaa za kuuza. Kurudi kwa warithi mara tano kuomba ruhusa ndogo ndogo huwachosha na kuwatia mashaka. Na hata mkiruhusiwa, msiikate picha wala kuibadili rangi bila kuuliza, na jina la mchoraji liwepo kila mahali picha yake inapoonekana.

Maonyesho

Adui mkubwa wa michoro hii ni mwanga. Rangi za maji, kalamu za rangi na wino wa aina nyingi hufifia, na rangi iliyofifia hairudi. Majumba ya makumbusho hutumia kiwango cha luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) kwa kazi za karatasi, ilhali ofisi ya kawaida huwa na luksi 300 hadi 500, na jua la mchana linaweza kufika luksi 100,000. Madhara hujumlishwa, kwa hiyo saa nne kwenye luksi 100 ni sawa na saa nane kwenye luksi 50. Chagueni chumba ambacho madirisha yake yanaweza kufunikwa, tumieni kipima mwanga, na msiionyeshe michoro ya asili kwa zaidi ya miezi mitatu hivi. Muda unaobaki wa mwaka, nakala bora zichukue nafasi yake, na maelezo yaseme bila kuficha kwamba ni nakala.

Unyevu wa hewa ukae kati ya asilimia 40 na 55 bila kupanda na kushuka ghafla. Kila mchoro uwekewe kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati, ili karatasi isigusane na kioo. Mkishindwa kutimiza masharti haya, ningeshauri bila kusita kwamba maonyesho yawe ya nakala na vitabu tu. Hakuna maadhimisho yanayostahili kumgharimu msanii rangi zake.

Kimo cha kutundika kifikiriwe upya. Kwa kawaida kitovu cha picha huwekwa sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, kimo kinachomfaa mtu mzima. Kwa mtoto wa miaka sita, au mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, hapo ni juu mno. Mstari wa sentimita 110 unawafaa hao, na watu wazima watainama au watakaa kwenye benchi. Maelezo ya kila picha yasizidi maneno 60, kwa herufi kubwa, na yaseme jambo linaloweza kuonekana: kwamba anga limeachwa karatasi tupu, kwamba paka yuleyule anajitokeza katika kurasa tatu.

Huenda baadhi ya picha za zamani zikawa na namna ya kuwachora watu wa jamii fulani inayoumiza leo. Msizifiche, wala msiziweke mlangoni bila neno. Andikeni zilichorwa lini na kwa ajili ya kitabu gani, semeni wazi kwamba zinakosea, na wahusishe watu wa jamii iliyochorwa katika kuamua zionyeshwe au la. Heshima kwa msanii haipungui kwa kusema ukweli juu ya kazi yake.

Watoto wafanye kazi yake

Mashindano ya kunakili picha za msanii hayawafundishi watoto mengi. Bora wapewe tatizo alilokuwa nalo. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa na kukatwa ili itoe kurasa kwa mafungu ya kumi na sita. Mpe kila mtoto karatasi mbili kubwa, azikunje kila moja mara tatu, azishone kwenye mkunjo na kukata kingo. Atapata kitabu cha kurasa 32. Kisha asomewe hadithi fupi ambayo hajawahi kuona picha zake, naye aamue ni maneno gani yakae ukurasa gani, na msomaji akifungua ukurasa unaofuata akutane na nini. Michoro iwe ya mistari tu. Watoto hugundua haraka kwamba mchoraji hupanga muda wa hadithi, na baada ya saa mbili za kazi hiyo huviangalia vitabu vya mfano vilivyomo kwenye makabati ya kioo kwa macho ya watu wa fani.

Baada ya mwaka kwisha

Kila mchoro ulioazimwa urudishwe na kukaguliwa mbele ya mwenyewe kwa kutumia ile taarifa ya hali yake iliyoandikwa mwanzoni, na pande zote mbili zisaini. Mpeni kila mmoja bahasha isiyo na asidi na karatasi fupi ya maelekezo ya utunzaji. Gharama yake ni ndogo na michoro itakuwa salama zaidi kuliko ilivyokuwa ilipokuja. Wanaotaka kutoa michoro yao moja kwa moja waelekezwe kwenye maktaba au hifadhi ya nyaraka yenye chumba kinachofaa, kwa hati ya makabidhiano inayotaja wazi kama hakimiliki inahusika au la. Orodha kamili, skani na rekodi za wazee zikabidhiwe kwa taasisi hiyohiyo zikiwa pamoja, na orodha ionyeshe pia michoro ambayo inajulikana kutoka vitabuni lakini haijapatikana, ili anayeikuta siku nyingine ajue pa kuipeleka.