Maski ya kupigia mbizi isiweke ukungu: anza na kioo chenyewe

Maski inayosumbua kuliko zote ni ile iliyotoka dukani leo. Kioo chake kinang'aa, hakina hata alama ya kidole, lakini ukizama nayo dakika chache tu huoni mbele. Watu hulaumu mate waliyopaka kuzuia ukungu, hulaumu dawa, wengine hununua maski nyingine, kumbe tatizo ni utando mwembamba usioonekana uliobaki juu ya kioo tangu kiwandani, hasa mabaki ya silikoni, ile sehemu laini ya maski inayokaa usoni. Utando huo usipoondolewa, hakuna dawa ya kuzuia ukungu itakayoshika.

Ukungu unatoka wapi

Ngozi ya uso ina joto la nyuzi 33 au 34 hivi za Selsiasi, na muda wote inatoa unyevu. Pumzi ya puani nayo ni ya moto na imejaa mvuke. Vyote hivyo vimefungiwa ndani ya maski, na upande wa pili wa kioo kuna maji ya nyuzi 26, au 20, au chini ya hapo. Mvuke ukigusa kioo cha baridi unageuka maji, kama chupa inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji. Hilo huwezi kulizuia. Unachoweza kubadilisha ni jinsi maji hayo yanavyokaa kwenye kioo. Kioo kikiwa na mafuta au utando wa silikoni, maji yanajikunja kuwa vitone vidogo vidogo visivyohesabika, kila kimoja kinatawanya mwanga, na hapo ndipo unapoona weupe. Kioo kikiwa safi na kimepakwa mate au sabuni kidogo, maji yanatandaa kuwa tabaka moja jembamba na mwanga unapita vizuri.

Kwa hiyo kazi ni mbili, na zina mpangilio: kwanza ondoa utando, ndipo upake kitu cha kuyatandaza maji. Wengi wanaruka ya kwanza.

Kusugua maski mpya

Kabla ya yote, hakikisha kioo ni kioo kweli. Maski nyingi za kuzamia zina herufi T au neno TEMPERED pembeni mwa kioo, maana yake ni kioo kilichoimarishwa kwa joto. Hicho kinavumilia kusuguliwa. Miwani ya kuogelea na maski za uso mzima za kuelea juu ya maji kwa kawaida ni plastiki, na plastiki inachubuka. Vilevile kama maelezo ya maski yanasema kioo kimepakwa tabaka la kuzuia ukungu upande wa ndani, usikisugue. Ukiondoa tabaka hilo halirudi.

Kwa kioo cha kawaida unahitaji dawa ya meno nyeupe ya kawaida. Jeli ya rangi iache, kwa kawaida haina ukali wa kutosha wa kukwangua utando.

1. Osha maski kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, kisha ikaushe.
2. Weka dawa ya meno kiasi cha punje ya harage upande wa ndani wa kila kioo, bila kuongeza maji.
3. Sugua kwa ncha ya kidole kwa mizunguko midogo, dakika mbili hadi tatu kila upande. Usiishie katikati: pembe za karibu na pua na mstari ambapo kioo kinakutana na silikoni ndipo utando unapojificha.
4. Suuza hadi harufu ya dawa iishe, kisha rudia. Maski mpya huhitaji mara tatu au zaidi.

Wapo wanaoipaka na kuiacha usiku kucha. Haidhuru, ila kinachoondoa utando ni msuguano, si kulaza. Mswaki laini unasaidia kwenye pembe. Sponji yenye upande mgumu wa kusugulia masufuria usiiguse.

Utajuaje kama imetosha? Mwagia maji safi upande wa ndani, kisha isimamishe maski. Maji yakiteremka kwa pamoja kama shuka, kioo kiko tayari. Yakikatika katika na kuacha matone yaliyojikunja, bado kuna utando, na ukitazama kwa mshazari kwenye mwanga utaona hasa ni sehemu gani. Rudi ukasugue hapo hapo. Jaribio hili ni la uhakika kuliko kuhesabu umesugua mara ngapi.

Na moto wa kiberiti?

Njia hii inajulikana sana: unapitisha ncha ya mwali wa kiberiti cha gesi upande wa ndani wa kioo hadi kiwe cheusi kwa masizi, unasubiri kipoe, unafuta kwa kitambaa, unarudia. Utando unaungua kweli. Lakini baadhi ya watengenezaji wanaikataza, na wana sababu. Mwali ukikaa mahali pamoja sekunde chache tu unaweza kupasua kioo, na silikoni ikiungua inakuwa ngumu na maski inaanza kuvuja. Hatari ni kubwa zaidi kwa maski zisizo na fremu, ambazo silikoni yake imeshikana moja kwa moja na kioo. Usithubutu kwa plastiki, kwa kioo chenye rangi au tabaka lolote, wala kwa lenzi za kurekebisha macho zilizogundishwa kwenye kioo. Ushauri wetu ni kwamba dawa ya meno ikisuguliwa sawasawa inatosha karibu kila mara. Moto uwe wa mwisho kabisa, na mwali usitulie hata kidogo.

Kabla ya kuingia majini

Mate ni ya bure na yanafanya kazi, kwa sharti moja: kioo kiwe kikavu. Ukitemea kwenye kioo chenye maji, mate yanapungua nguvu na kuteleza kabla hayajashika. Tema, sambaza kwa kidole hadi pembeni kabisa, acha nusu dakika, kisha chovya maski majini mara moja na kumwaga. Vaa papo hapo.

Shampuu ya watoto ina nguvu kuliko mate, na haiwashi macho kama sabuni nyingine. Changanya sehemu moja ya shampuu na sehemu tatu au nne za maji kwenye kichupa kidogo. Matone mawili kwa kila kioo yanatosha. Sugua, kisha suuza kidogo hadi povu liishe. Macho yakiwasha, hukusuuza vya kutosha. Ukungu ukirudi mapema, umesuuza mno. Ukijaribu mara kadhaa utajua kipimo chako. Wanaovaa lenzi ndani ya jicho wazidishe kidogo kusuuza. Sabuni ya vyombo huzuia ukungu vilevile, ila ikiingia jichoni ukiwa chini utajuta. Dawa za dukani zinafanya kazi hiyo hiyo. Fuata maelezo ya chupa, maana nyingine hupakwa zikaachwa kidogo kabla ya kusuuzwa.

Ndoo ya pamoja ya kusuuzia maski iepuke. Ina mate ya kila mtu na mafuta ya kujikinga na jua, na hayo mafuta huacha utando kama ule uliohangaika kuuondoa. Kwa sababu hiyo hiyo, ukishajipaka mafuta usiguse kioo kwa ndani, na usipake karibu na macho wala pale silikoni inapokaa.

Nawa uso kwa maji kabla ya kuvaa: unapoza ngozi na kuondoa jasho. Ukishavaa, usiivue kuipandisha kwenye paji la uso. Hapo inapata jasho, mafuta ya nywele na joto, na ile kazi ya mate au shampuu inapotea. Ikibidi kuivua, ishushe shingoni.

Ukiwa chini

Pumulia mdomoni. Pua itumike kwa mambo mawili tu: kutoa hewa kidogo unaposhuka na maski inapoanza kukubana usoni (hili usiliache, shinikizo linaweza kupasua mishipa midogo ya macho), na kutoa maji yaliyoingia. Anayevuta na kutoa pumzi puani bila kujua ataona ukungu hata kwa maski iliyotayarishwa vizuri. Nywele zilizopita chini ya silikoni, na masharubu, huleta uvujaji. Maski ikivuja unapuliza pua mara kwa mara, na kila mpulizo unaongeza mvuke na kuosha dawa.

Ukungu ukija, usipande juu kwa ajili hiyo. Vuta ukingo wa juu wa maski kidogo, ruhusu maji ya vijiko viwili yaingie, inamisha uso na utikise kichwa taratibu ili maji yapite juu ya kioo. Kisha tazama juu, bana sehemu ya juu ya fremu kwenye paji la uso na utoe hewa puani hadi maji yatoke chini. Jizoeze mahali pa kina kifupi kwanza.

Mahali ukungu unapotokea panakuonyesha kosa. Ukiwa pembeni tu, hukusugua hadi pembeni. Ukiwa upande mmoja, kioo hicho kimeguswa na kidole chenye mafuta. Ukija ghafla baada ya kushuka, umeingia tabaka la maji baridi zaidi, na kuingiza maji kidogo kutatosha. Ukija kila mara baada ya kutoa maji kwenye maski, dawa imeoshwa; tafuta uvujaji kwanza.

Baada ya kutoka

Suuza kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), kausha kivulini, weka kwenye kasha lake kioo kisiguse kitu. Jua kali huigeuza silikoni kuwa ya njano, na raba nyeusi ikilala juu ya silikoni angavu huitia madoa. Maski iliyokaa kashani miezi kadhaa hupata utando tena, kwa kuwa silikoni huendelea kuachia mabaki yake polepole. Fanya jaribio la maji siku moja kabla ya safari. Yakikatika, dawa ya meno mara moja inatosha.