Kuwasha gari la kabureta asubuhi ya kipupwe

Juni na Julai hapa Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, alfajiri hatutoki bila koti. Ndipo wenye Peugeot 504 na Land Rover za zamani wanapoanza kunipigia: "Fundi, gari limegoma." Mara nyingi gari ni zima kabisa. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi, na kinachoshika moto ndani ya injini ni huo mvuke. Choki, kile kitufe cha kuvuta, ipo kwa kazi hiyo: inabana hewa ili kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ivute mafuta mengi zaidi.

Hatua ya 1. Zima taa na redio, weka frii, kanyaga klachi mpaka chini. Oili imekuwa nzito na betri imepungua nguvu, kwa hiyo mpunguzie stata mzigo.

Hatua ya 2. Vuta choki yote. Kanyaga pedeli ya mafuta mara mbili, taratibu, kisha toa mguu. Kabureta za Solex na Weber zina kipampu kinachorusha mafuta kila unapokanyaga. Kabureta za SU hazina, mwenye SU asijisumbue.

Kama gari limelala wiki nzima, petroli ya kwenye bakuli la kabureta huenda imepaa. Land Rover nyingi za petroli za wakati ule zina kiwiko, yaani kimkono cha kusukumia mafuta, kwenye pampu ya mafuta. Kipige kwa mkono mpaka kiwe chepesi, ndipo ushike ufunguo.

Hatua ya 3. Piga stata isizidi sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia. Likiwaka, usipige resi. Rudisha choki kidogokidogo kadiri injini inavyotulia, uondoke polepole. Tafadhali usiisahau choki nje! Petroli inayozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni ndizo zinazoumia.

Hatua ya 4, ukisikia harufu ya petroli na gari haliwaki: plagi zimelowa. Hapa watu wengi huzidi kukanyaga, nao ndio wanaoharibu. Rudisha choki ndani, kandamiza pedeli ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapohapo bila kupampu, piga stata. Hewa itaingia kwa wingi na kukausha. Lisipowaka, fungua plagi uzifute, na ufute umande ndani ya kifuniko cha distributa.

Kuna jambo moja nakuomba sana, ndugu yangu. Usimwage petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzako akipiga stata. Moto ukirudi nyuma unatokea hapohapo ulipoinamia. Nimempeleka kijana hospitali, mkono na nyusi vimeungua, kwa sababu ya kifuniko kimoja cha chupa. Acha chujio la hewa likae mahali pake.