Umetoka mchepuo wa HGL, HKL au HGE na unaitaka kazi ya habari: usome shahada gani?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zangu huniuliza swali lile lile: "Nisome Mass Com (mawasiliano ya umma)?" Mimi huwarudishia swali: utaandika habari za nini?

Hatua ya 1: Chagua eneo kwanza, chuo baadaye. Hili nilijifunza jioni moja ya Juni, siku ya bajeti. Dawatini tulikuwa wanne, watatu tumesoma mawasiliano ya umma, mmoja uchumi. Sisi tulikuwa tunakimbizana na hotuba ya waziri. Yule wa uchumi alifungua majedwali ya mwisho ya kitabu cha bajeti, akaweka cha mwaka uliotangulia pembeni, akapitisha biro mstari kwa mstari mpaka kwenye malipo ya deni la serikali. Hapo akasimama. Habari yake ndiyo iliyobeba ukurasa wa mbele. Zetu zilifanana na za kila gazeti. Ni hivyo hivyo ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inapotua bungeni: anayejua tofauti ya hati safi na hati yenye shaka haandiki kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Pima shahada kwa kazi itakayokufanyia. Uchumi na takwimu kwa habari za fedha, sheria kwa mahakama na bunge, sayansi ya siasa kwa uchaguzi. Kiswahili watu wanakidharau, na wanakosea sana. Chumba cha habari kinamhitaji mtu atakayefuta "masaa matatu" aandike "saa tatu", na akiona "imepelekea vifo" aweke "imesababisha vifo" bila kuuliza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kinafundishwa TATAKI, taasisi yao ya Kiswahili, na waliopita huko ni hazina kwa uhariri, utangazaji na tafsiri.

Hatua ya 3: Kumbuka ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi hii, na kanuni zake za 2017 ziliweka stashahada ya uandishi wa habari kuwa kiwango cha chini. Kwa hiyo ukisoma uchumi, panga mapema kuongeza stashahada ya fani yenyewe. Wengi huligundua hili wameshaanza kuomba kazi, na inaniuma kila nikiona.

Hatua ya 4: Ukiamua Mass Com yenyewe, nenda ukaone. UDSM wana Mlimani TV na redio yao, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) Mwanza nao wana redio. Chuo chochote utakachokwenda, muulize mwanafunzi, si ofisi ya udahili: mnaanza kushika kamera mwaka wa ngapi? Jibu likiwa "mwaka wa tatu, kwenye field (mafunzo kwa vitendo)", endelea kutafuta.

Hatua ya 5: Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kiwango cha chini ni jumla ya alama 4 kwa masomo mawili (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), ila kila programu ina masharti yake.

MASWALI

*Kaka, nina HGL: C ya History, D mbili. Naweza uchumi?*
Kwa masomo mawili bora alama unazo 5 (3 na 2), kiwango cha chini umevuka. Kikwazo kinaweza kuwa hisabati, kwa hiyo angalia cheti chako cha kidato cha nne kabla hujajaza. Ikigoma, sayansi ya siasa inakufaa vizuri.

*Mimi ni mzazi. Ada ya miaka mitatu inanitisha. Stashahada haitoshi?*
Mzee wangu, inatosha kuanzia kazi. Mwambie tu ailinde GPA (wastani wa ufaulu) isishuke chini ya 3.0, maana ndiyo itakayomfungulia mlango wa shahada baadaye, akiwa tayari anajilipia mwenyewe.

*Nataka kutangaza mpira tu. Nisome nini?*
Kiswahili, dada, na sheria zote 17 za mchezo uzijue kwa moyo. Halafu Jumamosi hii nenda uwanja wa mtaani kwenu na simu, jirekodi dakika kumi. Mpe asiyekuwepo asikilize, kisha akwambie mpira ulikuwa upande gani na nani alikuwa nao. Akishindwa, rudi tena Jumamosi inayofuata.